Tamasha la jiji likiisha, uwanja hubaki wa nani?

SAA saba mchana, siku yoyote ya kazi, Bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi huwa imejaa watu. Karani aliyefunga chakula chake kutoka nyumbani huketi bega kwa bega na kijana anayezunguka na bahasha ya vyeti akitafuta kazi. Upande mmoja mhubiri hupaza sauti, na upande wa pili wanachama wa Bunge la Mwananchi hujadili bei ya unga na mwenendo wa serikali. Hakuna anayeulizwa tiketi wala kitambulisho.

Ni picha ya kawaida kiasi kwamba wengi wetu hupita bila kuitazama. Hata hivyo, ndiyo picha ambayo majiji mengi duniani siku hizi huandaa matamasha ili kuifufua au kuitetea.

Jijini London, tamasha la usanifu wa majengo hufanyika kila mwezi Juni. Lilianza mwaka 2004 katika mtaa wa Clerkenwell, ambako waandalizi walipitisha ng'ombe katika barabara ya St John ili kuwakumbusha wakazi kuwa hiyo ilikuwa njia ya mifugo kwenda soko la Smithfield kabla ya kutwaliwa na magari. Mwaka 2023 kaulimbiu ya tamasha hilo ilihusu mambo ambayo wakazi wa jiji huyamiliki na kuyatumia kwa pamoja.

Nairobi nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 2013, Kituo cha Sanaa cha GoDown, kilichoanzishwa 2003 katika lililokuwa ghala eneo la Viwandani, kilizindua tamasha la "Nai Ni Who?". Kiini chake kilikuwa swali lililo katika jina lenyewe: Nairobi ni nani, na ni ya nani? Badala ya kuwakusanya watu ukumbini, wakazi wa mtaa walipewa nafasi ya kuwatembeza wageni katika mtaa wao na kuwaonyesha kile wanachokithamini, iwe jengo, soko, uwanja, ukuta uliochorwa au kibanda cha chai.

Wazo hilo lilikuwa la maana kuliko lilivyoonekana. Tangu mji huu uanzishwe mwaka 1899 kama kituo cha reli, mipango yake imekuwa ikichorwa na wachache kwa niaba ya wengi. Mpango mkuu wa 1948 ulitungwa ili kuifanya Nairobi mji mkuu wa koloni, na mitaa iliyogawanywa kwa misingi ya rangi iliendelea kugawanywa kwa misingi ya mfuko hata baada ya uhuru. Mkazi wa Eastlands kuongoza msafara na kusema "hapa ni petu" lilikuwa jambo jipya.

Lakini matamasha huisha. Mahema hukunjwa, vipaza sauti hurudishwa kwa wenyewe, na Jumatatu asubuhi uwanja uliochezewa ngoma hubaki na upepo. Hapo ndipo penye swali ambalo wapenzi wa matamasha haya hawana budi kulijibu: tamasha likiisha, uwanja hubaki wa nani?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya Nairobi inaonyesha kuwa uwanja wa umma husalia wa umma pale tu panapokuwapo mambo mawili: daftari linalosema ni wa nani, na watu wanaoutumia kila siku kiasi cha kugutuka unapoguswa. Kimoja kikikosekana, cha pili huelemewa.

Chukua Jeevanjee yenyewe. Bustani hiyo ilitolewa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyejipatia utajiri katika ujenzi wa reli ya Uganda. Ilikuwa zawadi iliyojulikana, yenye tarehe na jina la mtoaji.

Mwaka 1991, kulipozuka mpango wa kuligeuza eneo hilo kuwa majengo ya biashara na maegesho ya magari, Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alijitokeza kuupinga. Alikuwa na jambo ambalo watetezi wengi wa viwanja hukosa, yaani kumbukumbu isiyopingika ya nani alimpa nani kitu gani na kwa sababu gani. Wakazi waliokuwa wakiketi pale kila siku walimuunga mkono, na mpango ukasambaratika.

Miaka miwili kabla ya hapo, mnamo 1989, Profesa Wangari Maathai alikuwa ameingia katika vita vikubwa zaidi. Serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, makao ya chama cha Kanu na gazeti lake, likiwa na sanamu kubwa ya rais. Maathai aliandika barua kwa maafisa wa serikali na kwa wafadhili wa kigeni. Alikejeliwa bungeni, na shirika lake la Green Belt Movement likafurushwa kutoka ofisi lililokuwa likitumia. Wafadhili walipojiondoa, jumba hilo likabaki kwenye karatasi.

Bustani hiyo ilikuwa imefunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Lau jumba lile lingejengwa, kina mama wa wafungwa wa kisiasa wangekosa pahali pa kufungia kula mwaka 1992, katika pembe ambayo hadi leo inaitwa Freedom Corner. Wakenya wangekosa pia uwanja walioshuhudia Katiba mpya ikizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Na Maathai mwenyewe asingeagwa pale na taifa mnamo Oktoba 2011.

Mifano hiyo miwili hutajwa mara nyingi kwa sababu ilikuwa na mashujaa wenye majina. Kwa kila bustani iliyopata mtetezi, kuna viwanja vingi vya mitaani vilivyopotea bila hata tangazo gazetini.

Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kuwasilisha ripoti yake 2004, ilionyesha ukubwa wa maradhi hayo. Iligundua kuwa takriban hatimiliki 200,000 zilikuwa zimetolewa kinyume cha sheria au utaratibu katika miongo minne iliyotangulia. Ardhi za shule, masoko, bustani, kingo za mito na akiba za barabara ziligawanywa kama njugu. Mnyakuzi hakuhitaji bunduki; alihitaji karatasi ambayo mwananchi hakuwa nayo.

Katika Shule ya Msingi ya Lang'ata, wanafunzi waliporudi kutoka likizoni Januari 2015 walikuta ukuta umejengwa kati yao na uwanja wao wa michezo. Tarehe 19 mwezi huo waliandamana wakiwa wamevaa sare, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Picha za watoto hao zilizunguka dunia nzima, ukuta ukabomolewa, na serikali ikaahidi kuharakisha utoaji wa hatimiliki kwa shule za umma.

Jambo la kutafakari hapo ni hili. Watoto wale walikuwa na sehemu moja ya kinga niliyoitaja, yaani matumizi ya kila siku, na ndiyo maana waligutuka mara moja. Walichokosa ni daftari. Kwa kuwa daftari halikuwapo, ilibidi watoto wa shule ya msingi wavute moshi wa vitoa machozi ili ijulikane uwanja ni wa nani.

Upande wa pili wa mizani ni maeneo yaliyo na hati safi lakini hayana watu. Uwanja usiotumiwa hugeuka jaa la takataka, jaa hugeuka maficho ya wahalifu, na jirani aliyechoka kuibiwa huwa wa kwanza kushangilia mtu anapokuja na mabati kuuzungushia ua. Unyakuzi mwingi umeanza kwa kisingizio cha usafi.

Hapa ndipo vijana wa mitaa wamewafunza wasanifu somo. Dandora ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mradi wa Benki ya Dunia, ambapo familia zilipewa vipande vya ardhi na huduma za msingi ili zijijengee. Nyumba nyingi zilipangwa kuzunguka nyua za pamoja. Kadiri miaka ilivyosonga, nyingi ya nyua hizo ziligeuka mitaro ya maji taka na maegesho ya mikokoteni.

Vijana walianza kuzisafisha. Katika ua ujulikanao kama Mustard Seed walipanda nyasi na maua, wakapaka kuta rangi, wakaweka mahali pa watoto kuchezea, na kuutunza kwa michango midogo ya wakazi. Baadaye mashindano ya kupendezesha nyua yakaandaliwa ili makundi ya vijana yashindane kwa usafi na ubunifu.

Kibera nako, tangu mwaka 2006, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likishirikiana na wakazi kutengeneza maeneo ya pamoja kandokando ya Mto Ngong na vijito vyake. Vyoo, mabomba ya maji, daraja la miguu, uwanja wa watoto na vibanda vya biashara huwekwa mahali pamoja. Mapato madogo kutoka kwa maji na vyoo hutumika kuutunza uwanja. Wasanifu huleta kalamu na vipimo, lakini wakazi ndio wanaoamua kipi kijengwe kwanza.

Mifano hii ina kitu ambacho matamasha mengi hukosa, yaani mtunzaji wa Jumatatu. Kuna mtu anayejulikana kwa jina ambaye huamka kufagia, na kuna kibuyu kidogo cha fedha cha kununulia taa inapoungua. Tamasha linaweza kumleta mgeni na mpiga picha, lakini haliwezi kufagia mwaka mzima.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inapuuza usalama. Watauliza: si afadhali ua na lango kuliko uwanja wazi unaotawaliwa na wezi? Hoja yao ina uzito. Bustani ya Uhuru kabla ya kufungwa kwa ukarabati mwaka 2021 ilikuwa na vijia vilivyobomoka na sehemu ambazo watu waliogopa kupita jioni. Na Msitu wa Karura, ambao Maathai na wenzake walishambuliwa wakiutetea Januari 1999, ulirudi kuwa mahali salama pa kutembea baada ya kuzungushiwa ua na kuwekewa walinzi, chini ya ushirikiano wa Shirika la Huduma za Misitu na wakazi wanaojiita Marafiki wa Karura.

Kwa hivyo ua peke yake si dhambi. La kuuliza ni nani ameshika ufunguo, analipwa nini, na anawajibika kwa nani. Karura ilifaulu kwa kuwa wakazi walikuwa mezani ambapo maamuzi yalifanywa na fedha za langoni zilirudi msituni. Mnamo 2025, mvutano ulipozuka kuhusu ni wapi ada hizo zilipwe, wakazi walikimbilia mahakamani, ishara kwamba waliuona msitu kuwa wao.

Bustani ya Uhuru ilichukua mkondo tofauti. Ilifungwa kwa ukarabati na kubaki nyuma ya ua kwa muda mrefu kuliko wakazi walivyotarajia. Kizazi kizima cha wanafunzi wa vyuo kilipita bila kuketi kwenye nyasi zake. Majengo mapya na vijia vipya ni jambo jema, lakini bustani ikifungwa muda mrefu, watu huzoea kuishi bila hiyo. Mazoea hayo humrahisishia kazi atakayekuja na mipango mingine kesho.

Tusisahau pia kwamba kwa mkazi wa kawaida, eneo kubwa la umma analolitumia kila siku si bustani bali ni barabara. Tafiti za usafiri zimeonyesha mara kwa mara kwamba zaidi ya asilimia 40 ya safari za Nairobi hufanywa kwa miguu. Mfanyakazi anayetoka Mukuru kwenda Viwandani alfajiri hapandi chochote. Hata hivyo, sehemu yake ya barabara ni ukingo wa vumbi unaogombewa na bodaboda, mchuuzi na mtaro ulio wazi.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitambua jambo hilo mwaka 2015 ilipopitisha sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka 2019 barabara ya Luthuli ilifanywa ya upande mmoja na vijia vyake vikapanuliwa, kwa usaidizi wa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Aliyeijua Luthuli ya zamani, na msongamano wa matatu na kelele za maduka ya redio, alishangaa kuona watu wakitembea bila kukanyagana.

Tatizo ni kwamba barabara moja haifanyi jiji. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2022, jiji lilifungua barabara kuu ya juu kwa juu yenye urefu wa kilomita 27, ambayo mwenye gari hulipia ili asikutane na msongamano wa chini. Aliyebaki chini ni yule yule wa Mukuru, akitafuta mahali pa kuvukia.

Na kuna matumizi mengine ya barabara ambayo hakuna tamasha linaloweza kuyakwepa likitaka kuwa mkweli. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Lakini tarehe 7 Julai 2025, Wakenya walipoadhimisha Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia katikati ya jiji. Wafanyakazi na wagonjwa waligeuzwa njiani pamoja na waandamanaji. Siku hiyo mkazi wa Nairobi alijifunza kwamba jiji analoambiwa ni lake laweza kufungwa kama duka.

Asidhani mtu kwamba wenzetu wa ng'ambo wamelitatua jambo hili. Mnamo Oktoba 2011, waandamanaji wa London waliokasirishwa na mabenki walikusudia kupiga kambi katika uwanja wa Paternoster, mbele ya soko la hisa. Walizuiwa kwa amri ya mahakama, kwa kuwa uwanja huo ambao kila mtu aliudhania kuwa wa umma ulikuwa mali ya kampuni. Wakaishia kupiga kambi nje ya Kanisa la St Paul's hadi walipoondolewa Februari 2012.

Tukio hilo liliwafumbua macho wengi, na mwaka 2021 Meya Sadiq Khan alitoa mkataba unaoeleza jinsi maeneo mapya ya aina hiyo yanavyopaswa kuendeshwa ili mwananchi asibughudhiwe ovyo na walinzi. Miji yetu inayojenga maduka makubwa yenye "viwanja" vya watoto na chemchemi za maji ingefaa kuusoma mkasa huo mapema. Uwanja ulio ndani ya jumba la biashara ni karamu ya mwenyewe, na mwenye karamu anaweza kukuambia uondoke.

Je, basi matamasha yaachwe? La hasha. Kinyume chake, yapewe kazi. Siku ambayo mamia ya watu wanazunguka mtaa wao wakiutazama kwa makini ni siku adimu, na haifai kuishia kwenye picha na nyama choma.

Pendekezo la safu hii ni kwamba kila msafara wa mtaa wakati wa tamasha uwe pia siku ya kukagua daftari. Wakazi wahesabu viwanja, nyua, vijia na kingo za mito wanavyovijua, kisha walinganishe na orodha ya kaunti na ile ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Palipo na uwanja usio na hati, jina lake lisomwe hadharani na afisa anayehusika aulizwe lini hati itatoka. Palipo na hati lakini hapana uwanja, iulizwe ulikwenda wapi.

Wasanifu na wapangaji wa miji wana nafasi yao katika kazi hiyo. Wao ndio wanaojua kusoma ramani za zamani na kuona mstari uliosogezwa. Chama cha wasanifu kikijitolea kuwafunza vijana wa kila wadi kuchora ramani ya viwanja vyao, kitakuwa kimeacha jengo imara kuliko banda lolote la maonyesho.

Kaunti nayo itimize mambo mawili ambayo hayahitaji mfadhili. Kwanza, ichapishe orodha ya maeneo yote ya umma, kwa wadi, mahali ambapo mwananchi anaweza kuiona bila kumpigia mtu magoti. Pili, kila inapofunga bustani kwa ukarabati, ibandike langoni tarehe ya kufungua, gharama, na kanuni za matumizi baada ya kazi kuisha. Kuhusu ile asilimia 20 iliyoahidiwa watembea kwa miguu, madiwani waiulizie kila bajeti inaposomwa.

Katika kifungu cha 62, Katiba imekwisha kueleza ardhi ya umma ni ipi, na kwamba kaunti huishikilia kwa niaba ya wakazi wake. Neno "kwa niaba" ni zito. Anayeshika mali kwa niaba ya mwingine huwa na daftari, na mwenye mali ana haki ya kuliomba.

Bustani ya Jeevanjee ipo hadi leo kwa sababu mtu mmoja aliandika, mjukuu wake akakumbuka, na wakazi wakaendelea kuketi. Yule karani wa saa saba mchana hajui kwamba kila anapofungua mkebe wake wa chakula kwenye benchi lile anaulinda uwanja. Kazi ya tamasha ni kumjulisha.